Mgonjwa wa Kwanza ni Baba Mkwe

"Simama hapo hapo, daktari! Usimpe hiyo dawa!"

Hapo ndipo tulipomwacha Daktari Tryphosa Ijumaa iliyopita: kidonge kiganjani, mzee ameshanyoosha mkono kukipokea, na sauti ya mwanamke ikipasua hewa kutoka mlangoni. Wapo walionitumia ujumbe kulalamika kwamba nimewanyima usingizi. Poleni. Yeye Tryphosa hajalala mwezi mzima.

Aligeuka polepole. Mlangoni alisimama Khushi, msichana aliyetumwa na kampuni ya dawa kutoka Nairobi kuhakikisha utafiti unaanza kwa utaratibu.

Amejua, Tryphosa aliwaza. Kwisha mimi.

"Bado sijatoa simu," Khushi alisema huku akipekua mkoba wake. "Mgonjwa wa kwanza, kidonge cha kwanza, halafu tukose picha? Bosi wangu atanimeza mimi badala ya dawa."

Chumba kikaangua kicheko. Alicheka Daktari Obwocha, mkuu wa utafiti, hadi miwani ikamteremka. Alicheka Sheila, muuguzi, aliyekuwa ameshika gilasi ya maji. Hawakucheka watu wawili tu: Tryphosa, na yule mzee kwenye kiti aliyeweka kofia yake magotini na kukaza macho kwenye kalenda ya ukutani.

Kwa aliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, kisa ni hiki.

Chuo kikuu hiki cha hapa Kisii kilihangaika miaka miwili kupata utafiti huu. Kampuni ya ng'ambo imetengeneza dawa mpya ya uvimbe wa tezi dume, ule ugonjwa unaowaamsha wazee usiku kwenda msalani na kuwarudisha kitandani bila kutoa kitu. Kamati ya maadili iliuliza maswali, ikajibiwa, ikauliza mengine. Vibali vilikwama. Mkataba ulipita kwa wanasheria ukarudi umejaa wino mwekundu. Daktari Obwocha alienda Nairobi mara nyingi hadi askari wa mlangoni wakawa wanamsalimia kwa jina.

Mwishowe kila kitu kikakubaliwa, kikabaki kitu kimoja: wagonjwa. Kampuni ilisema mgonjwa wa kwanza asipopatikana kabla ya mwezi kwisha, utafiti unahamishiwa mji mwingine. Na wagonjwa hawakuja, kwa sababu kabla ya kuandikishwa ni lazima mtu apimwe kwa kidole, kipimo ambacho wanaume wetu wakikisikia hukumbuka ghafla kwamba ng'ombe hajakamuliwa.

Ndipo siku moja, Obwocha akiwa Nairobi, akaingia mzee peke yake. Alikuwa amesikia tangazo kanisani. Alitaja majina ya ubatizo na ya babu yake, akaliacha lile la Ogari, analoitwa na watu wote, nyumbani Nyaramba. Tryphosa akainua macho kumsalimu mgonjwa.

Alikuwa baba mzazi wa mumewe.

Msomaji wa Kisii na Nyamira hahitaji kuambiwa zaidi. Msomaji wa kwingine na aelewe kwamba kati ya mwanamume na mke wa mwanawe kuna ensoni, heshima iliyochanganyika na haya, na haichezewi. Mzee Ogari hajawahi kuvuka kizingiti cha nyumba ya Tryphosa. Hajawahi kumpa mkono. Akiingia jikoni kwa mkewe na kumkuta Tryphosa humo, mzee hukohoa na kurudi nje. Sasa huyo ndiye aliyekuja kueleza habari za mkojo wake, na daktari ndiye huyo.

Sheila alikuwepo, kalamu mkononi. Kumwambia mzee "wewe huruhusiwi" kungekuwa kumwambia kwamba amemjua na ugonjwa wake ameujua. Tryphosa hakuweza. Mzee naye hakuweza kusimama na kuondoka. Basi wote wawili wakafanya ambacho watu wenye adabu hufanya wakibanwa namna hiyo: wakajifanya hawajuani.

Sheila alipotoka kupeleka damu maabara, pazia likavutwa. Mzee alisimama upande wake akiwa na koti lake mwilini na mshipi umefungwa. Tryphosa alisimama upande wa pili akisikiliza mapigo ya moyo wake mwenyewe. Baadaye akalifungua pazia, akaenda mezani, akaandika kwamba mgonjwa amepimwa na yuko kawaida.

Uongo huo si mdogo. Dawa hii hupunguza uvimbe na kushusha vipimo vya damu. Kama ndani kuna saratani iliyojificha, itaendelea kula huku vipimo vikicheka. Kwa hiyo kile kidole ndicho mlinzi wa mlango. Halafu kuna sheria ya pili: ndugu wa mtafiti haruhusiwi kabisa kuwa mgonjwa wa utafiti. Tryphosa aliwafundisha wenzake sheria hiyo yeye mwenyewe, akiwa amesimama mbele ya ubao.

Tuendelee.

"Mzee, tazama huku kidogo," Khushi alisema, simu juu.

"Hapana. Sura yangu ya nini? Pigeni hiyo dawa picha, si ndiyo mgeni?"

"Bwakire buya, tata," Khushi akamwamkia kama baba yake, kwa Ekegusii safi kabisa, akichuchumaa mbele yake. "Usiniogope. Mimi ni mtoto wa hapa."

Mzee alishtuka akamtazama vizuri. "Wewe?"

"Babu yangu ni Bhupendra, yule wa duka la mabati mjini. Nilizaliwa nyuma ya hilo duka."

"Bhupendra!" Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Huyo ndiye aliniuzia mabati ya nyumba yangu."

Sheila akapiga makofi. Tryphosa akahisi jasho likimshuka mgongoni. Mwezi mzima alikuwa amejifariji kwamba mgeni wa Nairobi hatajua nani ni nani katika vijiji hivi. Kumbe mgeni ni wa hapa hapa.

"Kabla hujameza, nikuulize kidogo," Khushi alisema. "Ni kawaida yetu. Hii dawa ulielezwa ni ya nini?"

"Nilielezwa. Inajaribiwa. Pengine nitapata dawa yenyewe, pengine nitapata ya uongo, na hakuna anayejua."

"Unajua unaweza kukataa hata sasa?"

"Najua."

"Na ulipimwa mwili wote? Hata kile kipimo cha kidole?"

Gilasi ya maji ilikuwa mkononi mwa Sheila na kidonge kiganjani mwa Tryphosa. Mzee Ogari ni mzee wa kanisa. Sabato kwa Sabato husimama mbele ya watu pale Nyaramba na Biblia mkononi. Tangu aolewe, Tryphosa hajawahi kumsikia akisema neno lisilo la kweli, hata la mzaha.

Mzee akarudisha macho kwenye kalenda.

"Nilipimwa," alisema. "Daktari alinipima vizuri sana."

Tryphosa alitamani sakafu immeze. Amedanganya kwa ajili yangu. Mzee wa watu ameuchafua mdomo wake ili mimi nisiaibike, naye ndiye mgonjwa.

Khushi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Basi tuendelee. Sheila, maji."

"Ngojeni!" Tryphosa alisema.

Wote wakamgeukia.

"Labda... labda ale kwanza."

"Daktari, ameshakula," Sheila alisema. "Chai na ndizi, mimi mwenyewe nimempea. Mbona unatoa jasho hivyo? Unakaa mgonjwa kuliko mgonjwa."

Daktari Obwocha hakucheka. Alimshika Tryphosa kiwiko na kumtoa hadi kwenye korido.

"Kuna nini?"

"Daktari, naomba tuahirishe."

"Tuahirishe? Leo?" Alishusha sauti. "Tryphosa, tafadhali. Hospitali nyingine zinangoja tu tuanguke. Hawa watu wakifunga mkoba wao leo, hawarudi. Sheila anarudi kwao. Wewe unarudi kutibu homa. Na wazee wa huku wataendelea kukauka na ugonjwa wao kwa sababu dawa zote zinajaribiwa mbali."

"Najua."

"Sasa ni nini? Ni jina? Unataka jina lako litangulie kwenye ripoti? Nitaliweka mbele ya langu, naapa."

Heri angemzaba kofi. "Si jina, daktari."

"Basi ni nini? Mimi nilikuwa Nairobi. Sikumwona huyo mzee. Nimeweka sahihi kwa neno lako tu, kwa sababu ni neno lako. Ingekuwa mtu mwingine ningempima upya."

Tryphosa aliutazama mlango wa chumba. Angeanzaje? Kusema hakumpima ni kusema kwa nini. Kusema kwa nini ni kumtaja mzee kwa jina lake, yeye na maradhi yake, mbele ya mtu ambaye kesho atakutana naye sokoni.

"Nipe dakika," alisema. "Nimwone mgonjwa peke yangu."

Obwocha akamwita Khushi nje kwa chai. Sheila akatoka nao, gilasi bado mkononi. Mlango ukafungwa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya pazia, mkwe na mkwe wakabaki wawili chumbani.

Mzee alisimama haraka, kama afanyavyo kila akimkuta mahali. Akaenda dirishani na kumpa mgongo. Kule nje wanafunzi walikuwa wakipita na vitabu vyao. Alipoongea aliongea Kiswahili, maana Ekegusii ndiyo lugha ya nyumbani, na hapa hakutaka pawe nyumbani.

"Daktari, nakuomba usinifukuze."

"Sikufukuzi, mzee."

"Nimeona macho yako. Unataka kunifukuza." Aliegemea dirisha. "Mimi nilikuwa nimejiandaa kufa. Unamkumbuka ndugu yangu Nyandoro?"

Alimkumbuka. Walimzika mwaka juzi. Watu walisema ni tumbo.

"Haikuwa tumbo," mzee alisema. "Ilikuwa hii hii. Ilianza na mkojo, ikaenda kwa mifupa. Mwisho alikuwa analia kama mtoto, na mimi ndiye nilikuwa namshika. Tulisema tumbo kwa sababu ya aibu. Na mimi yangu ilipoanza, nikajua ni zamu yangu."

Ugonjwa ndani ya ukoo! Swali hilo lilikuwa miongoni mwa maswali ya siku ile, na hilo nalo Tryphosa alikuwa ameliruka. Alidhani anaijua familia.

"Halafu mkaniambia niko kawaida," mzee aliendelea, na sauti yake ikachangamka. "Siku hiyo nilirudi nyumbani nikalala kama mtu aliyelewa. Mke wangu Bathsheba akaniuliza, mzee, umepata nini? Nikamwambia ni Mungu. Nilifikiri hiyo mambo ya kidole ni ya watu wenye damu mbaya. Nikasema, kama damu yangu ingekuwa na kitu, huyu daktari angeona. Hangeniacha. Ni mtu wetu."

Ni mtu wetu.

Tryphosa aliegemea meza. Akakumbuka alipokubaliwa kusomea udaktari akiwa tayari ni mke wa mtu na ana mtoto mgongoni. Ukoo mzima ulipiga kelele: nani atachuma chai yake? Mzee Ogari akasema, "Mwacheni asome," basi, akajitwika kikapu. Miaka yote ile mwanamume mzima, mzee wa kanisa, alipeleka majani ya mkaza mwanawe kituoni pamoja na wanawake, na wenzake wakimcheka hadharani. Hakuwahi kumwambia hata siku moja kwamba amefanya hivyo. Tryphosa alisikia kwa majirani.

Na yeye amemlipa nini? Neno moja la uongo lililomfanya alale usingizi mwema huku pengine kifo kinamtambaa mwilini.

Machozi yalimtoka, nayo hayakumsaidia. Alijidharau. Kwa mwezi mzima alikuwa akijiambia kwamba alinyamaza kumlinda mzee. Si kweli. Alijilinda mwenyewe. Aliogopa dakika moja ya haya, akaona afadhali mtu mwingine alipe kwa uhai wake.

Mlango ukafunguliwa. "Tayari?" Obwocha aliuliza. Nyuma yake walikuwepo Khushi na Sheila.

"Sikumpima," Tryphosa alisema.

"Nini?"

"Sikumpima. Niliandika kawaida na sikumgusa. Na si mgeni kwangu. Huyu ni Mzee Ogari wa Nyaramba, baba wa mume wangu."

Gilasi ilimponyoka Sheila. Hakuna aliyeinama kuokota vipande.

Obwocha alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Alionekana mtu aliyezeeka akiwa amesimama. "Na mimi nimeweka sahihi," alisema, basi, hakuongeza.

Khushi ndiye aliyesogea kwanza. Alikichukua kidonge kutoka kiganja cha Tryphosa, akakirudisha chupani na kukaza kifuniko.

"Daktari, mimi nimekulia hapa. Najua ensoni. Nyanya yangu Chandrakala alikuwa akiwakaripia wateja wakisahau." Alimtazama Tryphosa machoni. "Lakini saratani haina ensoni. Ungeniambia siku ile, ningekutafutia daktari mwingine siku hiyo hiyo. Ingekuwa jambo dogo."

"Najua."

"Kuanzia sasa mzee si wa utafiti wetu. Ni mgonjwa wa hospitali kama wengine. Na mimi lazima nipige simu kwa kampuni. Nikimaliza kuipiga, sijui kama kutabaki utafiti hapa."

Akatoka. Mzee Ogari alikuwa bado dirishani. Walidhani atachukua kofia yake aondoke na asirudi tena duniani mwao. Akauliza bila kugeuka:

"Kwa hiyo hakuna mtu aliniangalia?"

"Hakuna, tata," Tryphosa alisema.

"Na ile kawaida?"

"Niliiandika tu."

Alingoja tusi. Alilitamani. Lingempunguzia mzigo. Lakini mzee alirudi kwenye kiti, akakaa, akaanza kuzungusha kofia mikononi. Alionekana ametishika, na Tryphosa hakuwa amewahi kumwona akiogopa kitu.

"Wewe daktari mkubwa," mzee alimwambia Obwocha. "Wewe ni wa wapi?"

"Kiogoro, mzee."

"Tuna undugu?"

"Hatuna."

"Basi vaa glavu zako. Na hawa kina mama watoke."

Mlango ukafungwa mbele ya uso wa Tryphosa.

Mwisho wa korido Khushi alikuwa kwenye simu, akiongea Kiingereza kwa haraka, mkono mmoja umeshika kichwa. Sheila alikuwa ameketi kwenye benchi akilia. Tryphosa alisimama karibu naye akajaribu kusali, ikamshinda. Kila alipoanza kuomba mzee awe salama, alijisikia kama mwizi anayemwomba mwenye duka amfungulie mlango.

Obwocha alitoka. Hakumtazama usoni.

"Upande mmoja ni mgumu kama jiwe," alisema taratibu. "Siwezi kusema zaidi kabla ya kukata kinyama na kupima. Lakini sijapenda."

"Mungu wangu."

"Ngoja, kuna lingine. Anakubali vipimo vyote. Hata kulazwa anakubali. Ila ana sharti." Obwocha alisafisha koo. "Mwanawe asijue. Mkewe asijue. Anasema wewe ulinyamaza mwezi mzima bila kuombwa, sasa anakuomba. Ukisema neno kwa mumeo, anashika njia ya Nyaramba leo na hapimwi tena hadi kufa."

"Daktari, siwezi. Nimetoka kuapa moyoni kwamba—"

"Sharti si langu. Ni la mgonjwa. Na safari hii ni haki yake."

Akarudi ndani. Simu ya Tryphosa ikaanza kutetema mfukoni mwa koti jeupe. Ochoki, mumewe. Aliiacha iite hadi ikakata. Ikaanza tena. Akapokea.

"Mama Brandon, uko kazini?"

"Niko."

"Mama amenipigia. Anasema baba ameondoka asubuhi, eti kuna mkutano wa wazee wa kanisa Masimba. Nimeuliza. Hakuna mkutano Masimba." Ochoki alikuwa akipumua kama mtu aliyepanda mlima. "Baba hajawahi kumdanganya mama. Kuna kitu. Wewe hujamwona?"

Mlangoni, kupitia kioo, Tryphosa aliona kofia ya mzee kwenye kitanda cha wagonjwa. Neno moja tu na mumewe angejua. Neno moja tu na mzee angeshika njia akafe. Alifumba macho. Kweli yake ilikuwa imeishi chini ya saa moja.

"Sijamwona," alisema.

Kwenye simu zikasikika hatua za viatu sakafuni.

"Hebu rudia."

"Sijamwona, Baba Brandon. Tangu Sabato."

"Geuka nyuma," Ochoki alisema, na sauti haikutoka kwenye simu.